Begi liko Shinjuku au limo kwenye treni? Uchambuzi wa kisa kimoja cha "ni" na "de" za Kijapani

Mwanafunzi wa kisa hiki ni kijana wa Kitanzania anayesoma Tokyo. Anaishi Mitaka, upande wa magharibi, na kila asubuhi hupanda treni ya haraka ya njia ya Chūō, ile yenye mstari wa rangi ya chungwa ubavuni, mpaka Shinjuku. Kijapani chake si haba. Anaelewana na mwenye nyumba wake, anaagiza chakula bila kunyooshea kidole picha za kwenye menyu, na mtihani wa Kijapani wa ngazi ya N4, ya pili kutoka chini, alishaufaulu. Ana tabia moja ninayotamani kila mwanafunzi wa lugha angekuwa nayo: mazungumzo yakimwendea kombo, huyaandika siku hiyohiyo, neno kwa neno, kabla kumbukumbu haijaanza kumtungia. Karatasi ya siku ile ndiyo ninayoichambua hapa, kwa ruhusa yake.

Asubuhi hiyo alipandia Mitaka kama kawaida, akaweka begi kwenye kichanja cha mizigo juu ya viti, akabahatika kupata pa kukaa, usingizi ukampitia. Alizinduka treni imesimama Shinjuku na milango iko wazi. Akachomoka. Milango ilipojifunga nyuma yake ndipo alipohisi mabega mepesi mno. Ndani ya begi mlikuwa na kompyuta na daftari za muhula mzima. Akakimbilia dirisha la wahudumu lililo kando ya mageti, na mazungumzo yakaenda hivi:

— Sumimasen. Shinjuku-eki ni kaban o wasuremashita.

— Eki no dochira ni okaremashita ka?

— Amidana ni okimashita.

— Amidana... A, densha ni o-wasure desu ne.

— Hai, densha de wasuremashita.

— Dochira kara noraremashita ka?

— Mitaka kara norimashita.

Kwa Kiswahili, na tafsiri hii tuishike vizuri kwa sababu ndiyo iliyobeba tatizo lote:

— Samahani. Nimesahau begi stesheni ya Shinjuku.

— Uliliweka sehemu gani ya stesheni?

— Niliweka kwenye kichanja cha mizigo.

— Kichanja... Aa, umelisahau kwenye treni.

— Ndiyo, nimelisahau kwenye treni.

— Ulipandia wapi?

— Nilipandia Mitaka.

Ukiyasoma kwa Kiswahili, kijana hana kosa hata moja. Mtu yeyote wa Dar aliyeshuka kwenye daladala akaacha mzigo anaweza kusema "nimesahau mzigo Ubungo", na msikilizaji atajua kuwa mzigo haupo Ubungo bali uko njiani unaelekea Mbezi na gari. Kwa Kijapani, mstari wa kwanza na wa tano yote miwili imepinda, tena kwa namna ya kuvutia: neno lililostahili "de" kalipa "ni", na lililostahili "ni" kalipa "de". Kavibadilishana ndani ya dakika moja.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na lugha hii: Kijapani hupachika vijineno vifupi nyuma ya nomino kuonyesha nomino hiyo ina kazi gani katika sentensi. Darasani huitwa joshi. Jina lao la zamani ni tenioha, nalo lina historia inayonifurahisha. Wasomi wa Kijapani wa enzi za Heian (karne ya 8 hadi ya 12) walikuwa wakisoma maandishi ya Kichina kwa kuyageuza kuwa Kijapani papo hapo, na kwa kuwa Kichina hakikuwa na vijineno hivyo, waliweka nukta kwenye pembe za kila herufi kumkumbusha msomaji atamke kijineno gani. Katika mfumo mmojawapo uliopata umaarufu, ukianza pembe ya chini kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa, pembe nne zilisomeka te, ni, o, ha. Ndipo likatoka jina. Mpaka leo maelezo yasiyoshikana huambiwa tenioha yake haioani.

Sasa turudi dirishani. Mhudumu alisikia nini aliposikia "Shinjuku-eki ni kaban o wasuremashita"? Alisikia kuwa begi, wakati huohuo wanaongea, limekaa mahali fulani ndani ya stesheni ya Shinjuku. Labda kwenye benchi, labda chooni, labda mbele ya mashine ya tiketi. Kijineno "ni" (に), kikifuatwa na kitenzi kama hiki, hutaja mahali kitu kilipobaki. Stesheni yenyewe inapitisha mamilioni ya abiria kwa siku ukijumlisha kampuni zote zinazoitumia, na ina milango ya kutokea zaidi ya 200. Kwa hiyo swali lake la mstari wa pili, "sehemu gani ya stesheni", lilikuwa swali la mtu anayejua kazi yake. Hakukuwa na ubishi wala dharau. Alichukua sentensi kama ilivyosemwa.

Jibu la kijana lilikuwa sahihi kabisa kisarufi: amidana ni okimashita. Hapa ndipo karatasi yake inapoanza kunipa utambuzi. Kitenzi oku, kuweka, hakimsumbui. Alifundishwa kuwa oku huenda na "ni", akakariri, na hata moyo ukimdunda kwa wasiwasi hakosei. Tatizo lake liko kwenye wasureru, kusahau. Hajawahi kukitazama kitenzi hiki kama ndugu wa kuweka. Kwake kusahau ni jambo la kichwani, na jambo la kichwani halina mahali linapotua.

Mhudumu alipopata neno "amidana" alielewa mara moja, maana stesheni haina vichanja vya mizigo. Treni ndiyo yenye navyo. Akairekebisha sentensi kwa upole, kama wanavyofanya Wajapani wengi, bila kusema kuwa anarekebisha: densha ni o-wasure desu ne. Alimpa kijineno sahihi mkononi. Kijana akakubali, "hai", halafu akairudia sentensi na kuiharibu upya: densha de wasuremashita. Masikio yalisikia "ni", mdomo ukatoa "de".

Nilimuuliza kwa nini. Akaniandikia: "Mwalimu, pale nilikumbuka sheria. Kusahau ni kitendo, si kuwepo. Kitendo ni de."

Hiyo ndiyo sheria ambayo karibu kila mwanafunzi huanza nayo: "ni" ni ya vitenzi vya kuwepo, yaani iru na aru, na "de" (で) ni ya vitendo. Niko chumbani, heya ni imasu. Nasoma chumbani, heya de yomimasu. Kwa miezi ya kwanza inatosha, na sina ugomvi na walimu wanaoifundisha. Mtu lazima aanzie mahali. Lakini ni sheria ya kuvukia mto mmoja tu. Ukiibeba mpaka mto wa pili inakuzamisha, kwa sababu Kijapani kimejaa vitenzi ambavyo ni vitendo kwa kila kipimo na bado vinataka "ni": kuweka, kuandika, kupanda mti, kubandika, kuegesha gari, kuketi, kulala hotelini usiku. Na kusahau, pale unaposahau kitu mahali.

Na upande wa pili wa sheria unavunjika pia. Aru, kitenzi cha kuwepo chenyewe, huchukua "de" pale kilichopo kikiwa ni tukio. Kyōto ni otera ga aru, Kyoto kuna hekalu. Kyōto de kaigi ga aru, Kyoto kuna mkutano. Kwa Kiswahili "kuna" ni ileile. Kwa Kijapani hekalu limekaa Kyoto, ila mkutano unafanyika Kyoto, na kijineno kinabadilika ingawa kitenzi hakijabadilika hata silabi.

Kwa hiyo mgawanyo wa kweli hauko kati ya kitendo na kuwepo. Mimi naueleza hivi: "ni" hubandikwa kwenye mahali ambapo kitu fulani kipo, au kitakuwepo kwa sababu ya kitenzi hicho. "De" hubandikwa kwenye uwanja ambamo jambo linatendeka. Jambo likiisha, uwanja unabaki mtupu. Haudai kuwa na kitu ndani yake. Nikiandika jina langu kwenye daftari, jina linabaki daftarini, nōto ni namae o kaku. Nikiandika barua mkahawani, barua haibaki mkahawani, kafe de tegami o kaku. Kitenzi ni kaku vilevile.

Hata asili ya "de" inasaidia kidogo. Imetokana na nite, ambayo ni "ni" iliyoongezwa "te", kile kiungo cha kuendeleza maneno. Nite ikafupishwa vinywani kwa karne kadhaa mpaka ikawa de. Bado utaikuta kwenye mialiko na matangazo rasmi: hafla itafanyika Tōkyō nite. Kana kwamba msemaji anasema: tukiwa Tokyo, hapo ndipo yafuatayo yanapotendeka. Kwanza kiwanja, kisha jambo.

Mzungumzaji wa Kiswahili anafikaje kwenye kosa hili? Naona njia mbili, na kijana wetu alipita zote mbili asubuhi moja.

Ya kwanza ni ya masikio. Sisi tuna -ni ya mahali: nyumbani, shuleni, kazini, baharini. Mwanafunzi wa Kiswahili anapokutana na uchi ni, gakkō ni, umi ni, anaona kama amekutana na jamaa wa ukoo wake ughaibuni. Silabi ni ileile, inakaa nyuma ya nomino vilevile, na katika sentensi za somo la kwanza maana ni ileile. Hakuna undugu wowote, ni bahati ya sauti tu, lakini akili haijali. Nyumbani inakuwa uchi ni kila mahali, mpaka kwenye "nakula nyumbani", ambapo Kijapani kinadai uchi de. Nimeshaona hata wanaoandika watashi ni gakusei desu, wakiwa wamechukua ile "ni" nyingine ya "mimi ni mwanafunzi". Nadhani Wakongo wa Lubumbashi, ambao katika Kiswahili chao husema "mu nyumba" na "ku soko", hawana sababu ya kuvutwa sana na mtego huu wa sauti.

Njia ya pili ina kina zaidi. Kiambishi chetu cha mahali hakisemi kama unakwenda, unatoka au umekaa. Niko nyumbani, nakwenda nyumbani, natoka nyumbani: nomino haikubadilika, kazi yote imefanywa na kitenzi. Kijapani kingehitaji "ni" kwa ya kwanza, "ni" au "e" kwa ya pili, "kara" au "o" kwa ya tatu. Tumezoea kuiachia nomino ya mahali ielee, tukijua kitenzi na akili ya msikilizaji vitaifunga. Ndiyo maana "nimesahau begi Shinjuku" inatosha kwetu. Inaweza kumaanisha begi liko Shinjuku, au kwamba Shinjuku ndipo nilipofanya kosa la kulisahau, na hatuoni haja ya kuchagua. Mhudumu wa Kijapani anamsubiri msemaji achague kwanza.

Hapa lazima nipinge ushauri ambao kijana alikuwa ameshapewa na rafiki yake kabla hajanifikia. Rafiki alimwambia: ungesema tu Shinjuku-eki de badala ya Shinjuku-eki ni, yakaisha. Yasingeisha. Mhudumu akisikia "Shinjuku-eki de kaban o wasuremashita" bado atadhani begi limeachwa stesheni, ila atasikia sentensi iliyopooza kidogo. Kosa la msingi halikuwa kijineno peke yake. Kijana alichagua nomino isiyo sahihi ya kuambatana na kusahau. Kitenzi wasureru, katika maana hii, kina nafasi moja ya mahali, nayo ni ya pale kitu kilipobaki. Begi lilibaki kwenye treni. Nafasi hiyo ni ya densha, na Shinjuku inapaswa kutafutiwa kitenzi chake yenyewe.

Tukiyapanga upya maelezo yake, yanatoka sentensi nne fupi ambazo mhudumu yeyote angezielewa bila swali la ziada:

Mitaka de densha ni norimashita. Kaban o amidana ni okimashita. Shinjuku de orimashita. Densha ni kaban o wasuremashita.

Katika ya kwanza, treni inachukua "ni" kwa sababu ndimo mtu anamoishia baada ya kupanda. Mitaka ni uwanja, kwa hiyo "de". Mitaka kara, kama alivyosema mwenyewe, ni sahihi pia, ikimaanisha kuanzia Mitaka. Ya pili aliipata. Ya tatu nitaifikia, maana ina ukorofi wake. Ya nne ndiyo kiini. Akiwa na haraka, hiyo ya nne peke yake ingetosha kumpeleka mhudumu kwenye swali sahihi: treni ipi, saa ngapi, behewa la ngapi.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kijineno ndicho kilichomkosesha begi. Treni za haraka za Chūō kutoka Shinjuku hufika stesheni ya Tokyo, mwisho wa njia, baada ya kama robo saa. Pale njia hii ina reli mbili tu, kwa hiyo treni haikai. Inageuza na kurudi magharibi baada ya muda mfupi sana. Hata angeongea kama mtangazaji wa redio, huenda simu isingewahi. Begi lilipatikana jioni Takao, kwenye mwisho wa pili wa njia, likiwa na kila kitu ndani. Akalifuata. Kama angechelewa zaidi lingekabidhiwa polisi, ambao kwa sheria iliyoanza kutumika Desemba 2007 hutunza vitu vilivyookotwa kwa miezi 3. Zamani ilikuwa 6. Kijineno kilimgharimu labda dakika mbili, na aibu kidogo. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu "ni" na "de" zimesimama mle ana kwa ana.

Kipimo nilichompa baada ya hapo kinatumia kitu ambacho Kiswahili kinacho na Kijapani hakina: -po, -ko na -mo. Chukua sentensi yako, imalize, kisha ujiulize kama kwa sababu ya kitenzi hicho unaweza sasa kusema kitu fulani kipo pale, kiko kule, au kimo mle. Nimeweka vitabu kabatini. Vitabu vimo kabatini. Basi kabati lichukue "ni". Nimebandika tangazo ukutani, tangazo lipo ukutani, "ni". Nimecheza mpira uwanjani, hakuna kilichobaki uwanjani kwa ajili ya kucheza, "de". Nimesahau begi kwenye treni, begi limo kwenye treni, "ni". Nimesahau begi Shinjuku. Begi liko Shinjuku? La. Basi usiiweke Shinjuku hapo kabisa.

Wala usijali ni ipi kati ya tatu hizo. Kijapani hakitofautishi ndani na juu kwa kijineno. Kikitaka kusema ndani kitaongeza naka, kikitaka juu kitaongeza ue. Kinachotafutwa ni kama mojawapo inakubali.

Kipimo hiki kinafungua mambo ambayo sheria ya kitendo na kuwepo haiyafikii. Tōkyō ni ie o katta, nimenunua nyumba Tokyo: nyumba iko Tokyo, "ni" inakaa vizuri. Ukisema Tōkyō de ie o katta, unasimulia ununuzi, na mtu anaweza kujiuliza kama ulisaini karatasi Tokyo kwa nyumba iliyoko kwingine. Tōkyō de kuruma o katta, nimenunua gari Tokyo: gari halikai Tokyo kwa sababu ya kununuliwa, pengine limeshapakiwa melini, na "de" ndiyo ya kawaida. Kwa teksi, koko de tomete kudasai, simama hapa, maana nataka kushuka tu. Kwenye bango la mwenye duka, koko ni kuruma o tomenaide kudasai, usiegeshe gari hapa, maana gari litabaki hapa likimzibia.

Kuna pale kinapogoma. Kuna jozi za vitenzi zenye maana karibu sawa ambazo hugawana vijineno bila kutupa sababu nyepesi: ginkō ni tsutomete iru na ginkō de hataraite iru, zote mbili mtu anafanya kazi benki. Ukilazimisha, tsutomeru ni kuwa mtu wa benki, kuhesabiwa miongoni mwa watu wake, na hataraku ni kutoa jasho humo. Mimi naikubali tafsiri hiyo ila sikatazi mtu kukariri tu. Sumu, kuishi mahali, ni ya "ni"; kurasu, kuendesha maisha, kwa kawaida ni ya "de". Kuzaliwa hukubali zote. Na neno wasuremono, kitu kilichosahauliwa, likiungwa na suru, kufanya, Wajapani wenyewe utawasikia wakisema densha ni wasuremono o shita na densha de wasuremono o shita, kwa sababu sasa kitenzi ni "kufanya" na uwanja unapata haki ya kutajwa. Kijana alipolisikia hili alilalamika kuwa basi na yeye alikuwa sahihi. Hapana. Yeye alisema wasureru.

Nimebakiza Shinjuku de orimashita. Kwa kipimo cha -po ingepaswa kushindwa: nimeshuka Shinjuku, nipo Shinjuku, basi "ni". Lakini kwa abiria wa treni kinachosemwa kila siku ni "de". Oriru inaihesabu treni, kile unachokiacha, na kuipa "o": densha o oriru. Stesheni inabaki kuwa uwanja. Ukitaka stesheni iwe mahali unapoishia, badili kitenzi useme Shinjuku ni tsuita, nimefika Shinjuku, na "ni" itarudi yenyewe.

Kiswahili kina dawa ya hapa, na nashangaa mara ngapi tunaipita. Abiria wa Dar hasemi tu "nashuka Magomeni". Husema "nashukia Magomeni". Kauli ya kutendea inamwambia kondakta kuwa Magomeni ni mahali pa tendo lenyewe. Alikulia Tanga: Tanga de sodatta. Alifia hospitalini: byōin de shinda. Ulipandia wapi, kama nilivyolitafsiri swali la mhudumu: doko de au doko kara. Pale ambapo mahali panakifanya kitenzi cha Kiswahili kidai -ia au -ea ili sentensi isikike vizuri, na mahali hapo si panapoelekewa, mara nyingi Kijapani kitataka "de". Lile sharti la mwisho ni zito. Kuhamia Arusha kuna -ia lakini Arusha ndiko unakoelekea, hivyo ni Arūsha ni hikkosu. Kukalia kiti ni isu ni suwaru, maana makalio yapo kitini. Kwa hiyo mwanafunzi anapitisha sentensi kwenye -po, -ko na -mo kwanza, na zikimchanganya, kama zilivyofanya kwa kushuka, ndipo anasikiliza kama angesema "shuka" au "shukia".

Kijana amezijaribu zote mbili kwenye sentensi zake za zamani alizokuwa ameziandika na kusahihishwa kwa wino mwekundu. Nyingi zimenyooka. Zilizobaki, zikiwemo za tsutomeru na sumu, amezihamishia kwenye ukurasa wa kukariri.